Amri ya Mia Sita na Kumi na Nane

Arobaini ya Mzee Shamte ilisomwa Dunda, Bagamoyo, uwanjani kwa mwanawe mkubwa, nami nilikwenda kwa sababu moja tu: nisingekwenda, ningeulizwa. Turubai lilifungwa, mikeka ikatandikwa, pilau ikapakuliwa kwenye masinia, na baada ya dua watu wakapewa nafasi ya kumtaja marehemu kwa wema. Hapo ndipo uongo ulipoanza kumiminika. Mmoja alisema marehemu ndiye aliyeileta kompyuta Bagamoyo. Mwingine, ambaye hakupata kukanyaga ofisi yetu hata siku moja, alisema Mzee Shamte alijinyima usingizi ili karatasi za wazee wetu zisipotee. Mzee Shamte kujinyima usingizi! Mtu aliyeondoka ofisini saa nane mchana akidai ameitwa wilayani, kumbe yuko kwake amejilaza, anamenyewa papai. Nilitafuna nyama yangu, nikaitikia amina palipohitaji amina, na nilipopewa kipaza sauti nikakohoa kidogo nikasema, "Alikuwa mlezi wangu, Mungu amrehemu." Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mzee aliyekaa kando yangu akanipapasa goti na kunisogezea kachumbari.

Sina haja ya kumsema maiti, ana hesabu yake na Mola wake. Ila nimechoka na haya mazungumzo ya kumpaka mtu asali, na nimechoka zaidi na mimi mwenyewe, maana katika uwanja ule mzima ni mimi peke yangu niliyejua alichokifanya, na ni mimi niliyekaa kimya nikaomba niongezewe wali. Nina miaka hamsini kasoro. Nalipwa vizuri Dar kuwafundisha watu wa mabenki jinsi ya kutunza kumbukumbu za mitambo yao. Nasimama mbele ya vijana waliovaa mashati yaliyopigwa pasi, nawaambia kila amri lazima iwe na jina la mtu na saa yake, na asiruhusiwe mtu yeyote kuifuta, wanaandika. Hawajui nilijifunzia wapi.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo na cheti kimoja na dharau za kutosha mji mzima. Ulikuja mradi wa kupiga picha nyaraka za familia za mji mkongwe: hati za nyumba, mikataba ya ndoa, barua za biashara za Pangani na Unguja, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa wino uliogeuka rangi ya chai. Wafadhili walileta skana mbili na mashine kubwa ya kuhifadhia, Mzee Shamte akawa Mkurugenzi kwa kuwa alijua kuvaa suti, na mimi nikawa fundi. Ofisi ilikuwa chini ya nyumba ya kale ya mawe, chokaa ikipukutika ukutani na kutuangukia kwenye kibodi. Sebuleni paliwekwa ile mashine kubwa na meza ya makarani wawili wa muda. Chumba cha ndani kilikuwa cha skana na kompyuta ya Mwanaidi. Chumba cha tatu kilikuwa cha Mkurugenzi, nacho ndicho pekee kilichokuwa na zulia, kiyoyozi na friji. Ukuta wa mbao uliotutenga naye ulikuwa mwembamba, na kutwa nzima tulimsikia akisema kwenye simu, "Hapa tumefika mbali, mheshimiwa, mbali sana," naye hajafika popote tangu asubuhi ila chooni.

Mashine ile haikuwa ya kubonyezabonyeza picha. Ilikuwa na dirisha jeusi. Unaandika amri kwa maneno, unabonyeza Enter, inatii. Haina huruma wala haiulizi mara mbili. Lakini ina jambo moja zuri: inakumbuka. Kila amri unayoiandika inaiweka kwenye orodha na kuipa namba, na ukiandika neno history inakumwagia orodha nzima, kuanzia ya zamani mpaka ya sasa hivi. Huna haja ya kuiandika amri upya. Unaweka alama ya mshangao na namba, tuseme !540, na amri ya mia tano na arobaini inatekelezwa tena kama ilivyokuwa. Ukiwa mvivu zaidi, unaweka alama ya mshangao na herufi moja tu, nayo inaitafuta amri ya mwisho iliyoanza na herufi hiyo na kuitekeleza papo hapo, bila kukuuliza kama ndiyo uliyoikusudia. Ofisi yetu iliishi kwa mtindo huo. Makarani hawakujua kuandika amri hata moja. Kila asubuhi Mwanaidi aliiita orodha pale sebuleni, akachukua chaki, akaandika kwenye ubao mdogo namba za siku hiyo: ya kunakili ni hii, ya kuhesabu ni hii, ya kusafisha ni hii. Namba zilibadilika kila siku kwa kuwa orodha ilizidi kurefuka, kwa hiyo ubao ulifutwa na kuandikwa upya. Mimi niliuona kuwa ushamba mtupu. Ndani ya mwaka mzima, pale ofisini palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa makini, na nilikuwa namcheka.

Mwanaidi alinizidi miaka mitano au sita, nami nikimwita dada. Alikuwa mtoto wa Dunda hasa, anamjua nani kamwoa nani na nyumba ipi ilikuwa ya nani kabla haijauzwa. Kazi ya kushawishi familia zitoe karatasi zao aliifanya yeye, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akikaa barazani na akina bibi tangu chai mpaka adhuhuri. Kwenye kompyuta hakutaka njia za mkato. Amri zake aliziandika zote kwa mkono, herufi kwa herufi, na dirisha lake, ambalo toka chumba cha ndani liliingia kwenye mashine ileile ya sebuleni, alilifungua Jumatatu asubuhi akalifunga Ijumaa jioni kabla ya kuzifunika mashine kwa kanga zake kuukuu. "Dada, si uweke alama ya mshangao tu?" nilikuwa namwambia. Naye hujibu bila kugeuka, "Mimi nataka nikione ninachokifanya, Idrisa. Wewe nenda na mishangao yako." Mchana tulikula pamoja chumba cha ndani, wali wa nazi na dagaa kutoka kwa mama wa kando ya soko, mihogo siku ambazo Mkurugenzi alikumbuka kutuletea kutoka shambani kwake Fukayosi. Mihogo ile ilikuja pamoja na hotuba. Tuliitafuna, tukimsikiliza akieleza jinsi yeye alivyo mtu wa watu.

Nilimwomba Mzee Shamte mara tatu kila mtu apewe jina lake la kuingilia kwenye mashine. Alikataa mara zote tatu. "Sisi hapa ni familia moja, kijana wangu," alisema. "Hayo ya kila mtu na ufunguo wake ni ya watu wasioaminiana." Basi tukawa sote mtu mmoja, jina moja, nywila moja iliyobandikwa chini ya kibodi, na ndani ya orodha ile amri yangu na amri ya karani na amri ya Mkurugenzi zikakaa bega kwa bega, haijulikani ipi ya nani wala iliandikwa saa ngapi.

Kulikuwa na sanduku moja ambalo mji mzima ulilijua na hakuna aliyeliona ndani. Lilikuwa la Bi Rukia, shangazi yake Mwanaidi, dada wa baba yake, mama mkavu mwenye sauti ndogo aliyeishi vichochoro viwili kutoka kwetu. Ndani zilikuwamo karatasi za ukoo za vizazi vitano. Wataalamu walimjia, akawapa kahawa na kuwaaga. Mwanaidi alimbembeleza tangu kabla ya Ramadhani mpaka baada ya Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, na mwishowe akakubali kwa masharti ambayo nayakumbuka neno kwa neno, kwa kuwa alikuja kuyatamka mwenyewe ofisini. "Litatoka mara moja tu. Nitakaa nalo mimi. Na adhana ya Ijumaa ikiadhiniwa liwe lishalala chini ya kitanda changu. Nakubali kwa sababu ya huyu," akamwonyesha Mwanaidi kwa kidevu. "Likiharibika neno, sitamuuliza mwingine." Mkurugenzi alifurahi mpaka akakohoa. Hapo hapo akawapigia wafadhili, akawaalika Ijumaa ileile saa nne asubuhi waje washuhudie kwa macho yao.

Juma lile Mkurugenzi alinisumbua kuliko mbu. Alitaka mbele ya wageni aiendeshe mashine yeye mwenyewe, si mimi, si Mwanaidi. Nikamwandikia kwenye karatasi amri ya kunakili, ile inayochukua picha kwenye folda ya mapokezi na kuzihamishia ghalani. Inaanza na neno rsync kisha inafuata mistari ya kutosha. Akaitazama kama mtu aliyeletewa mchuzi wa jana. "Hii ndefu. Watu wataniona nanakili kama mwanafunzi." Namba ya ubaoni nayo hakuitaka, na ubao wenyewe akaamuru uondolewe ukutani, eti unaifanya ofisi ifanane na duka la unga. Ili aniondokee, nilimfundisha ile ya herufi moja. Nikamwambia, "Weka mshangao, weka r, bonyeza Enter, basi." Siku ile ilikuwa Jumatano na amri ya mwisho yenye r ilikuwa ya kunakili, kwa hiyo ikafanya kazi vizuri, majina ya picha yakatiririka kwenye kioo. Akachekelea kama mtoto. Sikumweleza kwamba amri ya kufuta nayo, rm, inaanza na r. Niliona ni kumpotezea mtu yule maelezo.

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuta folda ya mapokezi ina picha za majaribio nilizopiga Alhamisi jioni kuipima projekta. Nikazifuta kutoka kwenye ile mashine ya sebuleni, rm na kila kilichomo, nikaendelea kupanga viti. Bi Rukia akaja na sanduku lake limefungwa kwa shuka, akakaa kwenye kigoda kando ya skana, hakula, hakunywa, akiifuata kila karatasi kwa macho ikienda na ikirudi. Karatasi mia mbili na kitu. Mwanaidi alizishika kwa ncha za vidole, na kila moja alisema "bismillahi" kimoyomoyo, midomo ikimcheza. Saa nne kasoro walimaliza. Picha zote zilikuwa kwenye folda ya mapokezi, zikisubiri kunakiliwa, kwa kuwa Mkurugenzi alikataza mtu yeyote asizinakili kabla yake. Mwanaidi na shangazi yake wakatoka na sanduku kwa mlango wa nyuma, na wageni wakaingia kwa mlango wa mbele.

Walikuwa sita, nguo za kitani, chupa za maji mkononi. Mzee Shamte akahutubia. Alisema Bagamoyo lilikuwa lango na sasa litakuwa lango tena, maneno ambayo hata yeye sidhani kama aliyaelewa. Kisha akaketi mbele ya kibodi, akakunja mikono ya koti kama fundi seremala, akaandika mshangao na r, na kwa madaha akabonyeza Enter. Dirisha liliandika mstari mmoja, ule wa kwangu wa asubuhi, na mara likarudi kusubiri. Amri ya kunakili ingechukua dakika kadhaa. Hii ilichukua muda wa kupepesa jicho. Mimi niliusoma ule mstari ukutani, umekuzwa na projekta, kila herufi ukubwa wa kiganja: rm. Mkurugenzi akageuka akawatazama wageni, akafungua mikono. "Mnaona kasi ya mtambo wetu!" Wakapiga makofi. Wale watu waliosoma, wenye digrii zao, walisimama kwenye sebule ya Dunda wakapigia makofi kufutwa kwa picha za karatasi mia mbili walizosafiri kuja kuziona, na mmoja akapiga picha. Nimeishi kwingi na wataalamu tangu siku ile na bado sijapata sababu ya kuwaogopa.

Baada ya swala ya Ijumaa, ambayo Mkurugenzi aliisali safu ya mbele, tulikula chumbani kwake, mimi na yeye, kolekole wa kupaka na wali. Nilikuwa nimeshamwambia kuwa picha zimefutika. Nilikuwa nimeshajaribu kuzifufua na hazikufufuka. Alikula taratibu, akachambua miba, akaipanga ukingoni mwa sahani. Halafu akaniambia kwa ile sauti ya chini wanayotumia watu wazima wanapotaka jambo bila kuliomba. "Mwanangu, Mungu anampenda anayemsitiri mwenziwe. Mimi mtu mzima. Wageni wameondoka wamefurahi. Humu ndani ya mashine kuna nini?" Nikamwambia kuna orodha, na kwenye orodha amri ya mia sita na kumi ni yangu ya asubuhi, na ya mia sita na kumi na nane ni yake, maneno yaleyale. "Zote mbili?" akauliza. "Yako na yangu?" Nikasema ndiyo. Akaniongezea mchuzi.

Watu wa kwetu tumelelewa na jambo hili. Mtu akianguka barazani unageuza uso. Mzee akikosea aya, unasubiri amalize. Kusitiriana ni katika mambo mazuri tuliyonayo na sitaki kulidharau, ingawa nimedharau karibu kila kitu kingine katika ukurasa huu. Lakini nilipokwenda sebuleni alasiri ile sikuwa namsitiri mzee. Ningekuwa namsitiri mzee, nisingehesabu kwanza amri yangu ipo wapi. Niliandika history -c, orodha ikafutika kichwani mwa mashine, kisha history -w, na faili lililokuwa na amri zetu za miezi likaandikwa upya likiwa tupu. Nilianza kila amri kwa nafasi moja, kwa kuwa mashine yetu ilipangwa isikumbuke amri inayoanza na nafasi, ili hata kule kufuta kusionekane. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunawa mikono. Nikajiona mwerevu, na mwema juu yake.

Nilichokisahau, mimi fundi mwenye cheti, ni kwamba dirisha huandika amri zake kwenye faili pale tu linapofungwa. Dirisha la Mwanaidi lilikuwa wazi tangu Jumatatu. Alirudi kutoka kwa shangazi yake akiwa na uso unaong'aa, akasema Bi Rukia kamwombea dua mlangoni, akatugawia visheti alivyopewa. Jioni akalifunga dirisha lake, na amri zake zote za wiki zikamwagika kwenye faili nililolisafisha. Kunakili, kuhesabu, kusafisha. Kunakili, kuhesabu, kusafisha. Ya mwisho ilikuwa ya Alhamisi mchana, alipomaliza kunakili kazi ya siku ile na kuisafisha folda kama ilivyopasa: rm. Akafunika mashine kwa kanga, akatuambia tukijaaliwa Jumatatu. Nilimwitikia. Nilikuwa na mlango wa kumfuata, nilikuwa na ulimi wa kusema, na nje kulikuwa kweupe bado.

Jumatatu Mkurugenzi "akagundua". Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Akaamuru mtu asiguse mashine, akamwita mtaalamu kutoka Dar, na Jumatano mtaalamu akaja, kijana mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, akakaa, akaandika history. Amri arobaini na tatu, zote za mtu mmoja, na ya mwisho ni ya kufuta. Hakuna jina, hakuna saa. "Nani huwa anaandika amri nzimanzima hivi?" akauliza. Makarani wakamtazama Mwanaidi, bila ubaya, kwa kuwa ndiyo kweli. Akasema hizo ni zake, lakini ile ya kufuta ni ya Alhamisi, kabla ya sanduku kuja. Mtaalamu akasema mashine haionyeshi Alhamisi. Ndipo Mwanaidi akanigeukia. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama anavyouliza mtu kwa fundi wake. "Idrisa, Ijumaa asubuhi niliandika ubaoni namba mia sita na kitu, kabla hawajaubandua. Leo inaanza na moja. Zile zote zimekwenda wapi?" Mzee Shamte alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameshika tasbihi. Nikajibu, "Mashine ikijaa huwa inatupa, dada." Mtaalamu akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa ni kweli kwamba zikijaa hutupa. Mwanaidi akanitazama kidogo. Halafu akasema, "Haya," akaingia ndani kuchukua kanga zake.

Hakulia, na Mkurugenzi alilisema hilo kwa wiki nzima kama ushahidi. Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu, "Binti ana kichwa kigumu, lakini nimemwacha aende kwa wema, sipendi kumdhalilisha mtu." Kuondolewa kazini hakukuwa kitu. Kazi zipo. Ila habari zilimtangulia kufika kwa Bi Rukia, na zilifika zimeshavaa nguo nyingine: kwamba picha hazikufutwa bali zimeuzwa, na aliyeziuza ni mwana wa kaka yake. Mwanaidi alikwenda akabisha. Makarani walinisimulia walivyosikia. Bi Rukia hakufungua, alisemea ndani. "Nilisema sitamuuliza mwingine. Basi sikuulizi hata wewe." Mwanaidi akarudi siku ya pili, na ya tatu, na Idi Mosi akaja na sahani ya biriani, akaondoka nayo. Mwisho wa mwaka ule alihama Dunda. Mimi nilipandishwa mshahara, nikaandikiwa barua ya sifa kwa uaminifu, na kwa barua hiyo nikapata kazi Dar. Barua bado ninayo. Mke wangu alitaka kuitia fremu.

Siku ya arobaini, wakati wa kunawa mikono, mmoja wa wale makarani, sasa ana mvi, aliniambia Mwanaidi yuko Zinga, ana duka la kuchapa na kutoa kopi, barabarani kabisa. Sijui kilichonisukuma. Nasema sijui, ila najua: nilikuwa nimetoka kumsikia mtu akiitwa mtakatifu, nikaogopa siku moja nami nitasomewa hivyohivyo. Nikaenda alasiri ileile, nikiwa bado nanuka pilau. Duka dogo, safi, mashine mbili, moja imefunikwa. Alinijua hapo hapo. "Idrisa. Karibu. Umetoka kwa marehemu?" Nikamsalimu, nikakataa kiti, kisha nikakikubali, kisha nikamwambia yote, tangu mshangao na r mpaka ile nafasi moja kabla ya amri. Niliongea kwa haraka kama mtoto anayesoma aliyoyakariri. Alikuwa anakata vitambulisho vya wanafunzi kwa mkasi, na hakuacha kukata.

"Nilijua," alisema nilipomaliza. "Mashine ikijaa hutupa za zamani. Haitupi za jana na za miezi ya nyuma kwa pamoja. Na pale ofisini aliyejua kufuta orodha ulikuwa wewe peke yako." Nikamwambia, nikiwa karibu kulia, kwamba Mungu amlipe, kwa kuwa alijua na akanisitiri miaka yote hii. Ndipo akauweka mkasi chini. "Nani kakusitiri? Mimi sikukusitiri. Nilikuwa nakungoja. Kwa wakubwa sikutaka useme, wakubwa wangenifanya nini? Nilitaka uende kwa shangazi. Vichochoro viwili, Idrisa. Useme, 'Bibi, si yeye, ni mimi,' basi, uondoke zako. Aliishi miaka sita baada ya pale. Kila ulipokuja likizo niliambiwa unapita barazani kwake, unampa shikamoo. Nilikuwa naletewa habari. Nasema, leo atasema. Idi hii atasema."

Ilikuwa kweli. Nilipita, na nilimpa shikamoo, na yeye kwa sauti yake ndogo alinijibu marahaba, akaniuliza habari za Dar. Mara moja alinipa ndizi.

Nikamwuliza Mwanaidi anataka nifanye nini sasa, nikamwambia niko tayari, nitasema mbele ya mtu yeyote atakayemtaka, hata kesho, hata kwa familia nzima ya marehemu. Mteja aliingia na karatasi ya kutolewa kopi. Mwanaidi akasimama, akaipokea, akaifungua mashine, taa ikapita chini ya kioo ikarudi. Akampa mteja karatasi zake mbili na kumshukuru. Kisha akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyefika dukani baada ya kufungwa.

"Umeniambia mimi, ambaye nilikuwa najua," alisema. "Aliyekuwa hajui tumemzika. Haya, na mimi nikamwambie nani?"